Seva ikizidiwa, usiifungulie milango zaidi

Kila msimu wa matokeo ya mitihani au usajili wa vyuo, vijana wanaosimamia tovuti huniuliza swali lilelile: tupandishe max_connections, yaani kikomo cha miunganisho ambayo kanzidata hukubali kwa wakati mmoja, hadi ngapi? Huwajibu kwamba wasiipandishe. Mara nyingi inafaa hata ishushwe.

Kati ya programu za kanzidata, PostgreSQL huja ikiruhusu miunganisho 100, MySQL 151. Maelfu ya watu wakiingia kwa pamoja, namba hizo huonekana ndogo mno. Lakini katika PostgreSQL kila muunganisho ni mchakato kamili unaokula RAM yake, na mashine yenye kori 8 (vitengo vya kuchakata ndani ya prosesa) haiwezi kushughulikia kazi 500 kwa mara moja. Itazigusa zote kidogokidogo, na zote zitachelewa. Mtumiaji akichoka kusubiri anabonyeza tena: ombi lake la kwanza bado linasagwa ndani, na la pili limeshaingia. Hivyo ndivyo kanzidata nyingi nilizoziona zilivyolala.

Foleni ikae nje ya kanzidata. Weka mbele yake PgBouncer, programu inayogawa miunganisho michache ya PostgreSQL kwa zamu, kila muunganisho ukopeshwe kwa muamala mmoja (kazi moja kamili ya kanzidata) kisha urudi. Halafu piga hesabu ambayo wengi huiruka: seva 4 za wavuti zenye pm.max_children (kikomo cha michakato ya PHP inayofanya kazi kwa pamoja) ya 50 kila moja zinaweza kudai miunganisho 200, mara mbili ya ile 100 ya PostgreSQL.

Kikomo cha muda nacho ni muhimu mno. Nginx, seva ya wavuti inayopokea maombi ya watumiaji, kwa kawaida husubiri jibu sekunde 60 kisha hukata tamaa, ilhali statement_timeout ya PostgreSQL, muda wa juu wa hoja moja (ombi la data kwa kanzidata), huja ikiwa 0, yaani haina kikomo. Matokeo yake kanzidata inaendelea kutafuta jibu ambalo hakuna tena anayelisubiri. Akaunti ambayo programu yako huitumia kuingia kwenye kanzidata ipe kikomo cha sekunde chache, na ripoti nzito zipewe akaunti yake nyingine.

Kwenye kusaka mzigo ulipo, usiangalie hoja ndefu peke yake. MySQL huhesabu hoja kuwa ya polepole ikipita sekunde 10, na hata hiyo logi ya hoja za polepole huja imezimwa. Ile ya milisekunde 40 inayoitwa mara elfu kwa dakika haitaonekana humo kamwe. Kwenye PostgreSQL, washa pg_stat_statements, kiongezi kinachoweka takwimu za kila hoja, kisha uzipange kwa total_exec_time, yaani jumla ya muda ambao hoja imetumia. Hoja iliyosahauliwa kuwekewa faharasa (index, orodha inayoiwezesha kanzidata kupata data bila kupekua jedwali zima) mara nyingi hujitokeza juu.

Kwa matokeo ya mitihani ningekwenda mbali zaidi. Yakishatangazwa hayabadiliki kila dakika, basi yatengenezwe mapema kuwa kurasa za HTML, Nginx izitoe moja kwa moja bila kugusa kanzidata. Kurasa zinazobadilika, ziwekee kache (nakala ya jibu inayohifadhiwa kwa muda) hata ya sekunde 1, na uwashe proxy_cache_lock ya Nginx ili ombi moja tu liende nyuma kwenye programu huku mengine yakisubiri jibu lake.

Jaribu yote haya kwa k6 au wrk, zana za kuiga wingi wa watumiaji, wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe, kwa data yenye ukubwa halisi. Jedwali la rekodi 1,000 hujibu haraka hata bila faharasa. La rekodi milioni kadhaa halitakustahi.