Kuongoza mbio za mita 800: somo la Mel Sheppard

Kijana akinijia anataka kufundishwa mita 800, huwa namsimulia Mel Sheppard kabla hata hajafunga kamba za viatu. Mmarekani huyu alizaliwa New Jersey mwaka 1883, akawa mkimbiaji wa klabu ya Irish American ya New York. Inasimuliwa kwamba aliomba kazi ya polisi mjini humo akakataliwa, eti moyo wake una kasoro. Kwenye Olimpiki ya London mwaka 1908 moyo huohuo ukampa dhahabu tatu.

Tafadhali usiitumie hadithi hii kumkimbia daktari. Mazoezi ya miaka hukuza moyo na kupunguza mapigo, na daktari aliyezoea wanamichezo anajua kutenganisha hilo na ugonjwa. Ukizimia mazoezini au kifua kikikubana, nenda ukapimwe, usinitajie Sheppard.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi alivyokimbia kwa namna mbili ndani ya juma moja. Kwenye mita 1500 alisubiri. Mwingereza Harold Wilson alikuwa mbele wakielekea utepe, Sheppard akamfikia na kumpita mwishoni kabisa: 4:03.4 kwa 4:03.6. Siku chache baadaye, kwenye mita 800, akachomoka mapema. Mita 400 za kwanza alizimaliza kwa sekunde 53, za pili zikamgharimu karibu sekunde 60. Alishinda kwa 1:52.8, rekodi ya dunia, na Mwitaliano Emilio Lunghi akafuata kwa 1:54.2.

Vijana wakisikia hivyo wanataka kuongoza wote. Sisi Watanzania tuna ugonjwa huo kwa sababu nzuri: Filbert Bayi aliongoza mita 1500 za Christchurch mwaka 1974 tangu mwanzo, akaondoka na rekodi ya dunia ya 3:32.2. Lakini anayeongoza anakata upepo kwa niaba ya wenzake, na deni la mzunguko wa kwanza hulipwa kwenye kona ya mwisho. Sekunde saba za Sheppard ni deni kubwa mno kwa mwanafunzi wa sekondari. Kwa wanaoanza, mimi napendelea mzunguko wa pili uzidi wa kwanza kwa sekunde mbili au tatu tu.

Utajuaje kama umevuka kiasi? Mwombe mwenzako asimame penye mita 600 akutazame mabega. Yakiwa yamepanda karibu na masikio na mikono inakata hewa kushoto na kulia, ulianza kwa pupa. Dawa ninayoiamini ni mita 300 kwa kasi yako ya mashindano, pumzika dakika moja, kisha mita 300 nyingine kwa kasi ileile. Hizo za pili ndizo zenye kazi. Za kwanza kila mtu anaziweza. Mara moja kwa juma inatosha, na siku inayofuata ukimbie taratibu kwenye udongo. Ukiwa na mtu wa kukufukuza ni bora zaidi, maana mguu uliochoka hudanganya ukiwa peke yako.

Stockholm, 1912, Sheppard akaongoza tena. Safari hii Ted Meredith, kijana wa miaka 20, akampita karibu na utepe: 1:51.9 kwa 1:52.0. Angalia tarakimu hizo vizuri. Sheppard alikimbia haraka kuliko alivyokimbia London, akapata medali ya fedha. Ndiyo maana baada ya mbio nauliza muda kwanza, nafasi baadaye. Kijana aliyeshika nafasi ya nne huku amepunguza sekunde moja kwenye muda wake hana sababu ya kubadilisha mazoezi. Aliyeshinda mbio za polepole ndiye ninayekaa naye kuzungumza.

Meredith na Sheppard wakawekwa timu moja ya kupokezana vijiti, mita 400 mara nne, pamoja na Edward Lindberg na Charles Reidpath. Sheppard, aliyemaliza mbio za kupokezana za London kama mkimbiaji wa mwisho, safari hii alianza. Walishinda kwa 3:16.6, rekodi ya dunia. Kwa hiyo kocha akikupanga na yule aliyekushinda asubuhi, shika kijiti. Na ukipewa nafasi ya kwanza usinung'unike: mkimbiaji wa mita 800 aliyezoea kuongoza anaifaa, kwa kuwa anakimbia ndani ya njia yake bila kusukumana na mtu.