Dada, chai yako si feki. Maua yalikwisha kufanya kazi yake

SWALI: Mimi ni mtu wa chai ya maziwa tangu utotoni. Dada yangu mkubwa alipotoka Taiwan aliniletea pakiti ya chai ya oolong iliyotiwa harufu ya asumini kiasili. Nilipoifungua nikakuta majani matupu yaliyoviringwa kama pilipili manga, ua hata moja hakuna. Nikaipika kwenye sufuria na maziwa, ikawa chungu na harufu sikuisikia. Muuzaji wa viungo hapa mtaani anasema dada yangu aliuziwa feki, eti ya kweli lazima uyaone maua. Ameniuzia kichupa cha mafuta ya asumini, nitie matone mawili kwa kila kikombe, na kwamba yatanikata kitambi pia. Nifanyeje? – Msomaji, South B

JIBU: Kwanza funga hicho kichupa ukiondoe jikoni. Chai yako haina kasoro yoyote kwa hayo uliyoyaeleza.

Hili la "maua yako wapi" naulizwa karibu kila wiki, na kila mara nyuma yake kuna mtu mwenye kitu cha kuuza. Kazi yangu ni kuonja chai, na ningependa siku moja niulizwe jambo jingine.

Asumini huchumwa mchana ingali tumba, kwa sababu harufu yake ni ya usiku. Waliokulia Mombasa au Lamu hawahitaji kuambiwa: matumba hutungwa jioni, na giza likishaingia nyumba nzima inanukia. Watengenezaji wa chai wa Fujian na Taiwan wanaitegemea tabia hiyo hiyo. Oolong huwa imeshatengenezwa na kukauka kabisa, nayo ni chai iliyochachuka nusu tu, kati ya chai ya kijani na hii yetu nyeusi. Jioni matumba yanayoanza kufunguka huchanganywa nayo, tabaka juu ya tabaka. Usiku rundo linapata joto, watu wanaligeuza lisivunde, na jani kavu linafyonza harufu. Kukicha maua yamelegea, yamekuwa ya kahawia, hayana tena cha kutoa. Yanachekechwa yote. Kwa kuwa jani limefyonza na unyevu, linakaushwa upya, kisha linaletewa maua mengine usiku mwingine. Kuna chai inayopitishwa hivyo mara 3, na zipo za mara 7.

Kama huamini kwamba jani kavu linaweza kufanya hivyo, kumbuka pakiti ya majani iliyokaa dukani rafu moja na sabuni ya mche. Umeshakunywa chai ile. Hakuna aliyetia sabuni ndani, na bado uliionja.

Kwa hiyo kukosekana kwa maua ni dalili kwamba mtu alichekecha vizuri. Viwanda vingine huacha machache ya urembo, sina ugomvi nao. Lakini mfuko uliosheheni maua makavu mimi hunitia shaka, maana ua lililochoka likiloweshwa halitoi harufu, linatoa uchungu. Kipimo changu ni birika la pili na la tatu la majani yale yale. Chai iliyolala na maua kweli bado itanukia asumini hapo, kwa upole, ikiwa pamoja na ladha ya chai yenyewe. Iliyonyunyiziwa manukato inakupiga puani ukifungua pakiti tu, kisha birika la pili linabaki maji ya rangi.

Sasa uchungu wako. Hiyo ni sufuria, dada, si chai. Majani yetu ya Kericho na Murang'a husagwa chembechembe ili yatoe rangi na nguvu upesi, ndiyo maana yanastahimili kuchemshwa na maziwa. Oolong ni jani zima lililokunjwa. Ukilichemsha unakamua ukali wote huku harufu ikipaa na mvuke, na iliyosalia inafunikwa na maziwa. Chukua kijiko kimoja cha chai, kama gramu 3, kwa maji mililita 200. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hapa maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, hayafiki 100. Ukizima jiko ukasubiri dakika moja yatakuwa yamefika panapofaa. Mimina, funika, ngoja dakika 2 au 3, halafu chuja yote pasibaki maji juu ya majani. Ukifunua kifuniko kinuse kwanza upande wa ndani, harufu hujikusanya pale. Majani yale yale yanakupa birika la pili na la tatu, kila mara ukiongeza dakika moja hivi. Usitumie chupa ya chai ya nyumbani. Hata ukiisugua vipi, kizibo chake kinanuka maziwa. Na kama mtaa wenu unatumia maji ya kisima cha kuchimbwa, yenye chumvichumvi, tumia ya bomba au ya kununua.

Nirudi kwa muuzaji wako. Mafuta ya kunukia yanayouzwa kwenye vichupa hutengenezwa kwa ajili ya ngozi, nguo na vyetezo, na mengi huzimuliwa kwa vitu ambavyo havikukusudiwa tumbo. Hakuna mwonjaji ninayemjua anayeyatia kwenye kikombe. Kukata kitambi? Oolong ina kafeini, itakuchangamsha, na ukiinywa saa tatu usiku utahesabu mabati. Mafuta ya tumboni haiyayeyushi, wala asumini haiyayeyushi.

Hapo ndipo ninapokosa subira kabisa, kwa sababu baada ya kichupa huja pakiti za chai ya kupunguza unene. Zimejaa mjini, zina picha ya kiuno chembamba na ahadi ya siku kadhaa, na jina la oolong au asumini limebandikwa mbele ili zionekane za heshima. Watu wanazinywa, wanapanda mzani, wanaona kilo zimepungua, wanashangilia. Kilichopungua ni maji, kwa kuharisha. Geuza pakiti usome maandishi madogo ya viungo. Ukikuta neno senna, hiyo ni sanamaki, ile ile ambayo bibi zetu wa pwani walitoa kwa kipimo, siku moja, kwa aliyefunga choo. Hawakuifanya kinywaji cha kila asubuhi. Anayeinywa hivyo anapoteza maji na chumvi za mwili, na matumbo yake yanaweza kuzoea kutofanya kazi bila kusukumwa. Na pakiti isiyoandikwa viungo kabisa usiulize hata bei.