Onyesho langu bora lilichukua Jumapili kadhaa

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki linatutaka tutaje onyesho la muziki wa jukwaani lililo bora kuliko yote tuliyowahi kuhudhuria, na tueleze sababu. Jibu langu linakiuka kidogo sharti la swali, kwa kuwa halihusu siku moja. Linahusu wimbo mmoja wa dansi ambao sisi tuliokuwa ukumbini tuliusikia ukiwa bado mbichi, mjini Tabora, mwishoni mwa miaka ya 1970, na tukaendelea kuusikia Jumapili baada ya Jumapili hadi ukawa wimbo mwingine kabisa. Kwa kiasi fulani, nadiriki kusema, sisi wenyewe ndio tulioubadilisha.

Kwa ajili ya wasomaji vijana, lazima nieleze kwanza Tabora ilikuwa mji wa namna gani kwa watu wa dansi. Hapo ndipo reli ya kati inapogawanyika, mkono mmoja ukielekea Mwanza na mwingine Kigoma, na kila treni ilishusha mtu mwenye gitaa au mwenye habari za mwenye gitaa. Kabla ya Uhuru mji huo ulikuwa tayari na Kiko Kids, bendi ya Salum Zahoro. Kisha zikaja Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, ambazo wapenzi wao walikuwa wakibishana vijiweni kama wanavyobishana leo wapenzi wa Simba na Yanga. Tabora Jazz ilikuwa na mtindo wake wa Segere Matata na mtunzi wake Shem Karenga, mzaliwa wa Bangwe huku Kigoma, aliyeanzia Lake Tanganyika Jazz kabla ya kupanda treni kwenda Tabora, na ambaye alifariki mwaka 2014. Bendi ninayotaka kuisimulia ni mojawapo kati ya hizo mbili. Ni ipi, sitasema, kwa sababu bado nina jamaa pande zote mbili na ningependa kuendelea kualikwa kwenye harusi zao.

Mjomba wangu, ndugu wa mama, alikuwa akikata tiketi mlangoni mwa ukumbi, na kwa sababu yake niliruhusiwa kwenda kwenye bugi, yaani dansi la mchana la vijana, ambalo lilianza baada ya chakula na kwisha kabla ya giza. Mama alikubali kwa sharti kwamba nirudi nyumbani na mjomba, si na mtu mwingine yeyote. Ilikuwa miaka ya uhaba wa mafuta, magari ya watu binafsi yalipigwa marufuku kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana, na kwa hiyo barabara zetu zenye miembe zilikuwa za waenda kwa miguu peke yao. Ungewaona vijana wakija kwa makundi kutoka pande zote za mji, wamevaa suruali za bugaluu na viatu vya raizoni vilivyokwisha kupata vumbi jekundu kabla hata ya kufika mlangoni.

Bendi hazikuiona bugi kuwa onyesho kubwa. Onyesho kubwa lilikuwa la usiku, la watu wazima wenye mishahara, na kiingilio cha usiku ndicho kilicholipa wanamuziki. Mchana walikuja bila sare za jukwaani, wengine wakiwa na uchovu wa jana yake, na walitumia nafasi hiyo kujaribu nyimbo mpya. Mjomba alinieleza sababu ya jambo hilo kwa namna ambayo sijaisikia kwa mtaalamu yeyote wa muziki. Wakati ule bendi ya Tanzania haikuwa na kampuni ya kuisimamia. Ilirekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, malipo yake yalikuwa madogo, na kwa bendi ya Tabora hiyo ilikuwa safari ya zaidi ya kilomita 800 kwa treni pamoja na vyombo. Waliotaka santuri walikwenda hadi Nairobi. Hakuna aliyefunga safari ya namna hiyo akiwa na wimbo asioujua vizuri, kwa hiyo wimbo ulipikwa ukumbini hadi uive, na sisi wa bugi tulikuwa waonjaji.

Jumapili ya kwanza wimbo ule ulipigwa vibaya. Mwimbaji aliushika karatasini, akaimba huku akiangalia chini, na mpiga gitaa la rithimu alikuwa akimtazama mwenzake wa solo kila mara ilipofika zamu ya kubadilisha. Sehemu ya polepole, ile ya masimulizi, ilikuwa na beti tatu. Ilipofika kwenye chemko, mahali ambapo ngoma huongeza mwendo, waimbaji hunyamaza na magitaa huachiwa uwanja, hapakuwa na chochote cha maana: walizunguka kidogo wakasimama, nasi tukaenda kununua soda.

Tatizo kubwa, hata hivyo, lilikuwa ubeti wa tatu. Wimbo ulimhusu mume anayemlalamikia mkewe, jambo la kawaida katika dansi, na katika ubeti huo mume alisema kwamba mkewe alitoka asubuhi kwenda kununua sukari akarudi jioni, akidai alikuwa kwenye foleni, lakini yeye mume anajua foleni hiyo ni ya nani. Waimbaji walitarajia kicheko. Wanaume walicheka kweli. Lakini kila msichana aliyekuwamo ukumbini alikuwa ametumwa na mama yake kupanga foleni ya sukari au ya sabuni katika duka la ushirika wiki hiyohiyo, na wengine tulikuwa tumepanga foleni asubuhi ya siku iliyotangulia tukarudi mikono mitupu. Wasichana waliokuwa wakicheza waliacha kucheza. Hawakuzomea wala hawakutoa neno. Waliwaacha wenzao katikati ya sakafu, wakasogea ukutani na kuipa bendi kisogo. Bendi inayoongozwa na mtu mwenye akili hulitambua jambo kama hilo kabla wimbo haujaisha, na nilimwona kiongozi, aliyekuwa akipiga saksafoni, akiondoa chombo mdomoni na kututazama kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Jumapili iliyofuata ubeti wa tatu haukuimbwa. Mahali pake waliweka saksafoni na tarumbeta zikijibizana, na chemko ilikuwa imepata kitu: gitaa la pili la solo lilikuwa limegundua mlio mfupi wa kurudiarudia, ukipishana na rithimu badala ya kuifuata, na mpiga tumba akauwekea mapengo mahali palepale ambapo mguu ulikuwa unataka kutua. Watu walicheza. Wimbo ulirefuka bila mtu kuona, kwa sababu kila walipotaka kumaliza kelele zilipanda, na kiongozi akawa anazungusha kidole hewani kuwaamuru warudie.

Kisha ikaja ile Jumapili ninayoihesabu kuwa kilele. Mwimbaji hakuwa tena na karatasi. Ubeti wa tatu ulirudi, lakini mara hii mume ndiye aliyekwenda kwenye foleni. Alijigamba asubuhi kwamba kununua sukari ni kazi ya nusu saa, akachukua kikapu, akasimama nyuma ya mtu asiyemjua, akasukumwa, akasogezwa, akaambiwa sukari imekwisha jana, na alfajiri ya pili mkewe akaja kumpelekea chai isiyo na sukari akiwa bado amesimama pale. Sijawahi kusikia ukumbi ukipiga kelele kama ule. Wasichana tuliingia sakafuni wenyewe kwa wenyewe bila kusubiri kuombwa, na mama mmoja muuza karanga wa pale mlangoni, ambaye hakuwa na desturi ya kuingia ndani, aliingia, akapanda jukwaani na kumbandika mwimbaji noti kwenye paji la uso. Baada ya hapo chemko iliendelea hadi mwanga wa nje ukapungua, na mjomba akalazimika kuja kuonyesha saa yake, kwa kuwa watu wa usiku walikuwa wameanza kufika na bendi ilipaswa kupumzika.

Wimbo huo haukurekodiwa. Wanamuziki wa Tabora waliendelea kuhamia Dar es Salaam, ambako mashirika ya umma na jumuiya zilimiliki vyombo na kulipa mishahara, na wimbo ukatawanyika pamoja nao. Kwa miaka mingi nilisikitika, lakini siku hizi nafikiri vingine. Santuri za wakati ule zilibeba dakika chache kila upande, ndiyo sababu wimbo mrefu wa dansi uligawanywa sehemu ya kwanza upande mmoja na sehemu ya pili upande wa pili, nawe ukalazimika kuinuka katikati kuigeuza. Ungerekodiwa wimbo wetu, tungebaki na toleo moja, la siku moja, bila kisogo cha wasichana na bila mama wa karanga.

Baadaye maisha yalinileta Kigoma, na hapa nimehudhuria mengi ya kulinganisha. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya mkoa huu waliungana kwa jina la Kigoma All Stars, wakiwamo Diamond Platnumz, Mwasiti, Linex na Peter Msechu, na furaha ya kuona vijana hao wakijivunia kwao sitaibeza. Lakini kuhusu matamasha ya siku hizi kwa jumla, yale ya viwanjani ambako msanii mmoja baada ya mwingine hupanda na kuimba juu ya CD, msimamo wangu ni mkali kuliko wa wanangu: hata umati wote ungegeuza kisogo, CD isingebadilisha ubeti. Mara moja moja msanii huja na bendi kamili, na tofauti huonekana katika dakika ya kwanza, pale mpiga dramu anapomsubiri mwimbaji amalize kuzungumza na watu.

Onyesho ninaloliweka nafasi ya pili halikuwa la dansi hata kidogo. Mwaka 2015 watu waliokimbia Burundi walisongamana katika kijiji cha Kagunga, mpakani, wakasafirishwa kwa MV Liemba hadi bandari yetu, na wengi wao wakapokewa kwa muda katika Uwanja wa Lake Tanganyika, kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu. Miaka michache baadaye, katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni, niliwasikia wapiga ngoma wa Burundi wakipiga bila spika wala amplifaya. Ngoma zao huchongwa kutoka shina la mti wanaouita umuvugangoma na kuwambwa ngozi ya ng'ombe. Waliingia wamezibeba kichwani huku wakizipiga, wakazipanga nusu duara, na moja, inayoitwa inkiranya, ikawekwa katikati ili iwaongoze wengine. Kila mmoja kwa zamu aliiacha ngoma yake, akaja mbele, akaruka, akatoa maneno yake na kurudi. UNESCO iliiweka sanaa hiyo katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2014, na mtu yeyote aliyesimama karibu nayo hahitaji kuelezwa sababu, maana sauti yake huingilia kifuani kabla ya kufika masikioni.

Kwa ustadi, kwa mpangilio na kwa nguvu, wapiga ngoma wale waliwazidi vijana wetu wa bugi kwa mbali. Hata hivyo nawaweka wa pili, nami najua wapo watakaonilaumu. Sababu yangu ni kwamba hawakunihitaji. Utaratibu wao ni wa kale, umekamilika, na wangeupiga vilevile kama nisingekuwapo. Bendi ya Tabora ilikuwa na gitaa lenye nyuzi za kuungaunga, kwa kuwa mpya hazikupatikana madukani, na maiki iliyokoroma, lakini ilikuwa ikitungoja sisi tuseme jambo.

Mjomba amekwisha kutangulia mbele ya haki, na ukumbi wenyewe, nilipopita Tabora mara ya mwisho, ulikuwa umegeuzwa ghala. Nina ombi moja kwenu, Ndugu Mhariri. Ubeti wa foleni ya mume naukumbuka karibu wote, na hata kibwagizo bado nakiimba jikoni. Ninachokosa ni beti mbili za kwanza, ambazo bila shaka zimo vichwani mwa wazee wa Ng'ambo, Isevya, Gongoni au Cheyo waliokuwa vijana wakati ule. Kama miongoni mwa wasomaji wenu yupo anayezikumbuka, au aliyekuwa jukwaani siku ile, naomba aziandike mzichape katika ukurasa huuhuu, pamoja na jina la aliyegundua ule mlio wa gitaa la pili, kwa kuwa sisi tulimfahamu kwa jina la utani tu.