Wadogo zangu wa skolashipu, saa 20 si 20

Msimu wa mbio za nyika hapa vyuoni Marekani haujachanganya vizuri na tayari nimemsikia mtu wa mwaka wa kwanza akisema, "Profesa ataelewa tu." Hataelewa. Mnarithishana makosa kuliko mnavyorithishana viatu vya misumari.

1. Barua za safari, zinazoeleza siku mtakazokosa darasa kwa ajili ya mashindano, mpelekee kila profesa wiki ya kwanza, si baada ya kurudi na medali.

2. Zile saa 20 kwa wiki, kikomo cha mazoezi na mashindano kilichowekwa na NCAA, chama cha michezo ya vyuo, zinapendeza kwenye karatasi. Siku ya mashindano huhesabiwa saa 3, hata mkiondoka alfajiri mkarudi usiku wa manane, na kukaa kwenye basi hakuhesabiwi kabisa. Anayepanga masomo kwa kuiamini hiyo 20 ndiye anayesinzia maabara Jumatatu.

3. Kuacha kozi katikati ya muhula. Hapa nivumilieni. Nilikuwa na krediti (vipimo vya uzito wa kozi) 12 kamili, takwimu inanipiga mweleka, mashindano ya kanda yako mlangoni. Kocha msaidizi akaniambia, "Iache, utaichukua kiangazi." Usiku hotelini, mwenzangu anakoroma, nikafungua akaunti yangu nikaiondoa. Nikabaki na 9. Nikalala fofofo! Asubuhi nafunga kamba za viatu, msimamizi akaja na simu mkononi: chini ya 12 hushindani, jina limetolewa. Hilo nililimeza. Kumbe viza ya F-1, hii yetu ya wanafunzi wa kigeni, nayo inataka masomo ya kutwa, na kupunguza bila idhini ya ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ni kuvunja masharti. Rekodi yangu ya SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, ikafungwa. Nikawa najaza fomu ya I-539 kuomba nirudishiwe hadhi ya mwanafunzi, huku mama anapiga kuuliza nimekuwa wa ngapi. Nikamwambia mvua iliharibu mashindano. Hadhi ilirudi, ila msimu ulishakwenda. Kocha anayajua mapafu yako; viza yako haijui.

4. Ukitaka kubadili fani, piga hesabu kwanza. Ili uruhusiwe kushindana, kuingia mwaka wa tatu uwe umemaliza asilimia 40 ya shahada, wa nne 60, na kozi zisizoingia kwenye fani mpya hazikusaidii. Yupo mwenzetu wa mita 1500 aliyehama biolojia akaenda biashara. Msimu mzima kashangilia akiwa jukwaa la watazamaji, tena kwa sauti nzuri tu.

5. Mwalimu wa ziada mnapewa bure. Mnamkimbia, tena kwa kasi ambayo Jumamosi siioni.