Muulize Bi Mkunga: "Kifua changu kimekauka?"

*Assalamu alaykum, Bi Mkunga. Nimejifungua kwa upasuaji, mimba ikiwa ya wiki 30. Mwanangu ana kilo 1.3, yuko chumba cha njiti na mpira puani. Leo siku ya nne. Nikikamua sipati hata kijiko cha chai, na mwenzangu wa kitanda cha pili anajaza kikombe, ameniambia tugawane. Mavyaa anasema kifua kimekauka, ninunue ya kopo. Kesho natolewa, mtoto abaki. Nifanyeje?*
*Mama wa njiti, Likoni*

Waalaykum salaam, mwanangu, na hongera ya mwana. Naanza na hongera kwa sababu mzazi wa njiti watu humpa pole tu.

Kifua hakijakauka. Mwana kaja wiki kumi kabla ya siku zake, nawe umepasuliwa, na hakuna mdomo unaovuta ziwa. Maziwa huitwa kwa kutolewa: ziwa likikamuliwa hutengeneza mengine, likiachwa limejaa hupunguza. Hayo ya manjano yanayonata kwenye bomba la sindano ni dang'a, na mtoto wa kilo 1.3 mara nyingi huanzishiwa mililita chache tu kila baada ya saa mbili au tatu. Kijiko cha chai ni mililita tano. Piga hesabu mwenyewe.

Nina deni ninalolilipa kila nikijibu barua kama yako. Nilipokuwa muuguzi mchanga, mama mmoja alinionyesha matone kama hayo, nikamwambia, "Pumzika, ngoja maziwa yashuke." Akapumzika siku tatu. Yalipokuja yalikuwa haba, tukahangaika wiki nzima kuyaongeza. Sikuwa na ubaya, sikujua tu, lakini aliyeumia ni yeye.

Kwa hivyo wewe usingoje. Kamua mara nane hadi kumi na mbili kwa saa 24, na usiku usiruke, maana homoni ya maziwa hupanda zaidi usiku. Saa nane, Likoni imelala, wewe amka. Osha mikono, lisugue ziwa polepole. Kidole gumba juu, vidole viwili chini, kama sentimita tatu kutoka kwenye chuchu. Sukuma kwanza kuelekea kifuani, ndipo ubane, kisha achia. Vidole visiburuzike juu ya ngozi, utajichubua bure. Dakika za mwanzo huenda usione kitu, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Endelea. Yakipungua, hamisha vidole upande mwingine wa ziwa. Kuna leso aliyofunikwa mtoto? Omba ruhusa uende nayo nyumbani, uinuse unapokamua. Cheka ukipenda, lakini nimeona maziwa yakichuruzika kwa harufu tu.

Feri ya kuvukia kwenda hospitali nayo isikutishe. Kwa joto letu, maziwa yasikae nje zaidi ya saa nne. Chemsha vichupa vyenye vifuniko, utie maziwa, bandika jina, tarehe na saa, uviweke kwenye friji, kisha uvivushe ndani ya chupa ya chai ya mdomo mpana iliyojaa barafu. Waulize wauguzi wa chumba hicho wanayapokea yakiwa na muda gani. Kwa njiti huwa wakali, na wana haki.

Ukifika, usikae kwenye benchi ukimtazama mtoto kwa kioo. Akiwa ametulia, omba uwekewe kifuani ngozi kwa ngozi, na nepi na kofia tu, mfungwe pamoja kwa leso. Madaktari wa Bogotá, Kolombia, walianza hivyo mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa uhaba wa mashine za joto, na leo Shirika la Afya Duniani linataka saa nane hadi 24 kwa siku. Muulize muuguzi kama mtoto anaweza kulamba ziwa ulilokwisha kulikamua. Kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio huja kwenye wiki ya 32 hadi 34, kwa hivyo sasa analamba, hashibi.

Jirani mshukuru, maziwa yake usiyachukue. Virusi vya Ukimwi hupita kwenye maziwa, na kwetu Waislamu kuna undugu wa kunyonya. Kesho wanenu wasije wakaposana. Benki ya maziwa ya Pumwani, Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2019, huyapima na kuyapasha moto kwanza. Ya kopo ni shauri la daktari, si la mavyaa: matumbo ya njiti ni laini, kuna ugonjwa wa utumbo kuoza unaowapata, na maziwa yako humpunguzia hatari hiyo.

Mavyaa asigombezwe, apewe kazi. Uji wa pilipili manga ni wake, na saa nane za usiku akuamshe yeye, kwani wazee usingizi wao mwepesi. Asali asimlambishe mtoto kabla ya mwaka, hata kidogo. Na wewe, ziwa likiwa jekundu, gumu na una homa, rudi hospitali siku hiyo hiyo, huku ukiendelea kukamua.

Niandikie tena akifika kilo 1.5.