Mstari hafifu: miezi yangu na jibu la homa ya ini C lisiloeleweka

Nilikwenda kumtolea damu mdogo wangu aliyekuwa anasubiri upasuaji. Hilo tu. Nilikunywa chai, nikavaa baibui, nikapanda gari kutoka Wete, na adhuhuri nikarudi nyumbani na ugonjwa ambao asubuhi sikuwa nao.

"Damu yako haitufai, mwalimu," kijana wa maabara aliniambia dirishani, watu wamejaa nyuma yangu. "Imeonyesha C."

Nikaingia kwa daktari. Alikuwa anaandika, hakuinua kichwa. "Ehe, homa ya ini C. Haina neno, wapo wengi. Punguza mafuta, kunywa maji, urudi baada ya miezi mitatu." Nikamuuliza kama nitakufa. Akasema, "Sote tutakufa," akamwita wa pili.

Sidhani kama alikusudia ubaya. Foleni ilikuwa imefika uani na yeye alikuwa peke yake. Lakini mimi mjomba wangu alikufa tumbo limevimba kama mtungi, macho manjano, na tuliambiwa ni ini. Mtu akinitajia ini nakiona chumba kile. "Haina neno" yake haikunituliza hata kidogo, ilinifanya nione kwamba nimebaki na jambo hili peke yangu.

Ulikuwa msimu wa karafuu. Nilipofika nyumbani niliwakuta wote wamekaa kwenye jamvi wanachambua, mama, mashemeji na watoto, makonyo huku, karafuu huku. Siku zote na mimi hukaa. Siku ile nilisimama mlangoni nikitazama kidole changu chenye mchubuko, nawaza: damu yangu ikimgusa mtoto je? Nikasema kichwa kinaniuma, nikaingia ndani. Kuanzia usiku ule nikatenga kikombe changu, sahani yangu na kijiko changu. Siku ya tatu mama alikichukua kikombe kile akamiminia chai yake. Nikampokonya. Chai ikamwagika. Alinitazama kwa muda, kisha akasema taratibu, "Mwanangu, una nini?"

Nikamwambia, na nikalia.

Nawaandikia nyinyi mliopo pale nilipokuwa mimi, kwa sababu mengi ya yaliyonitesa yangekwisha siku ile ile kama mtu angenieleza kwa dakika tano. Kikombe kwanza: homa ya ini C haiambukizi kwa kula pamoja, wala kwa kukumbatiana, wala kwa kikombe. Huingia kwa damu. Sindano iliyotumiwa na mwengine, wembe wa kushirikiana, damu iliyotiwa mtu bila kupimwa, na mara nyengine mama kumpa mtoto wakati wa kuzaliwa. Kumnyonyesha mtoto hakumwambukizi, isipokuwa chuchu zikiwa zimepasuka na zinatoa damu, hapo husubiriwa zipone. Kati ya mke na mume uwezekano ni mdogo, ingawa mume wangu naye alipimwa, na wembe na mswaki kila mtu akabaki na wake.

Wiki mbili baadaye nilikwenda kwenye maabara ya binafsi Chake Chake. Jibu: hasi. Daktari wa huko akasema, "Umeona? Huna kitu, walikosea, nenda zako." Nilifurahi siku mbili. Siku ya tatu nikaanza kujiuliza: aliyekosea ni yupi? Na mbona wote wawili wana uhakika?

Nikaenda kupima mara ya tatu, na safari hii niliomba nikione kipimo chenyewe. Ni kijiplastiki cheupe, kina kidirisha chembamba, na pembeni herufi mbili, C na T. Penye C palikuwa na mstari mwekundu uliokoza. Miguu iliniisha nguvu. Mtaalamu alipoona nimeshika meza akanambia, "Hapana, dada, hiyo C si ya homa ya ini C. Huo ni mstari wa kuonyesha kwamba kipimo kinafanya kazi, kila mtu unatokea. Tazama T." Nikatazama. Palikuwa na kitu kama mstari wa penseli uliofutwa kwa mpira. "Unauona?" aliniuliza, na nikajua kwamba hata yeye hana hakika. Aliandika "chanya" akaweka na alama ya kuuliza mbele yake. Mpaka leo namshukuru kwa alama ile. Alikuwa wa kwanza kuniambia kweli.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Kipimo kile cha haraka, cha kijiplastiki, hakitafuti virusi vyenyewe vinavyoleta homa ya ini C. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza ukishakutana na virusi hivyo. Askari hao hubaki hata adui akishaondoka. Na wapo watu ambao miili yao humfukuza adui yenyewe, bila dawa, ndani ya miezi sita ya mwanzo: baina ya 15 na 45 katika kila 100 walioambukizwa. Watu hao kipimo cha haraka huweza kuendelea kuwaandika "chanya" kwa miaka, na hali virusi hawana.

Halafu kuna kukosea. Tuseme wamepimwa watu 1,000 na wenye virusi kweli ni 5. Kipimo kizuri, kinachomsingizia mtu 1 tu katika kila 100 wasio na kitu, kitawapata wale 5 na kitawatia humo watu kama 10 wengine wasiohusika. Waliorudi nyumbani wanalia ni 15, na 10 kati yao wanalia bure. Pale ambapo ugonjwa ni wa watu wachache, hesabu huwa hivyo hata kama hakuna aliyefanya uzembe. Na mstari hafifu unaweza pia kujitokeza kwa sababu kipimo kimeachwa mezani na kusomwa baada ya muda wake kupita.

Upande wa pili nao upo: aliyeambukizwa karibuni anaweza kupata "hasi", maana kingamwili huchukua kiasi cha miezi miwili au zaidi kuonekana. Kipimo cha kawaida cha ini nacho kikitoka kizuri hakikutoi shakani, wapo wenye virusi na vipimo vyao vya ini havina kasoro.

Kinachokata shauri ni kipimo cha virusi vyenyewe, kinachoitwa PCR. Mimi miezi miwili mizima hakuna aliyenitajia. Ndiyo maana nakwambieni, daktari akisema "haina neno", usiondoke. Kaa hapo hapo kwenye kiti. Muulize kwa adabu: "Dokta, mlichonipima ni kingamwili au virusi?" Akisema kingamwili, muulize PCR inapatikana wapi. Akisema hapa hatuna, hilo nalo ni jibu, mwambie akuandikie barua ya kwenda palipo nacho. Mashine za GeneXpert tunazozijua kwa kifua kikuu zinaweza kufanya pia kipimo hiki zikiwekewa katriji yake, kwa hiyo uliza na hilo. Na omba majibu kwa maandishi, yawe na tarehe na jina la kipimo. Mimi jibu langu la kwanza nilipewa kwa mdomo dirishani, na kila daktari niliyekwenda kwake baadaye aliniuliza, "Karatasi iko wapi?" Sikuwa nayo.

Ukiweza, nenda na mtu. Mimi nilimchukua shemeji yangu mmoja asiyeogopa watu. Mtu ukiwa na hofu masikio huziba.

Nilipanda boti hadi Unguja, nikavuka Dar es Salaam, nikatolewa damu, nikarudi kusubiri. Siku zile za kusubiri ndizo zilizokuwa nzito kuliko zote. Saa nane za usiku nilikuwa macho na simu, nasoma habari za ini kusinyaa na saratani. Kuna mtu aliniletea chupa ya dawa ya mizizi, kwa mapenzi tu, nikainywa siku mbili, kisha nikaacha, na nimefurahi niliacha, kwa sababu dawa nyengine za miti huliumiza ini lile lile unalolitibu. Lililonisaidia lilikuwa kukaa tena kwenye jamvi na kuchambua karafuu. Mikono ikiwa na kazi, kichwa hupumzika. Na jambo jengine: kujua kwamba hata ningekuwa nayo, C si kama B. B ina chanjo, na dawa zake aghalabu huidhibiti tu. C haina chanjo, lakini inapona. Ni vidonge vya kumeza, mara nyingi kwa wiki 12, na huwaponya zaidi ya watu 95 katika 100.

Jibu likaja: virusi havikuonekana. Daktari wa huko alinikalisha chini akanieleza. Akaniuliza kama karibuni nilichanjwa chale au kudungwa sindano popote. Nikakumbuka hijama, yaani kuumikwa na kutolewa damu kwa wembe, niliyopigwa miezi mitatu kabla ya siku ile ya kutoa damu, na kwamba wembe sikuuona ukifunguliwa. Akanitaka nirudie PCR tena baadaye ili tuwe na yakini. Nikarudia. Havikuonekana tena, alhamdulillahi. Akanishauri nipime na B, nikapima, sina, nikaanza chanjo.

Kama niliwahi kuambukizwa mwili ukavifukuza, au ule mstari ulinisingizia, sitajua. Nilimuuliza, akasema, "Mwalimu, hilo hata mimi siwezi kukwambia," na aliponiambia hivyo, akinitazama usoni, nilihisi utulivu ambao "haina neno" haikuwahi kunipa.

Damu sitoi tena, maana kila nikipimwa mstari ule unaweza kutokea na chupa ikatupwa. Mdogo wangu alipohitaji damu mara ya pili alikwenda kaka yetu. Mimi nilimsindikiza, nikamshikia koti lake, na kabla hajaondoka dirishani nikamwambia aombe karatasi.