Muulize Mama Hesabu: Kodi na kungoja, kipi kinakula faida ya dawati?

SWALI: Shikamoo Mama. Nina karakana ya madawati hapa Walukuba, Jinja, Uganda. Mwaka jana niliuza madawati 500 kwa shilingi 180,000 kila moja. Mabomba ya chuma, rangi na vijiti vya kuchomelea hunigharimu 59,000 kwa dawati. Madawati 200 yalikwenda shule za serikali, pesa nikaingoja miezi tisa. Ili nisifunge, nilikopa milioni 20 kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Vijana walikuwa sita, sasa wamebaki wanne. Mwanangu aliye Marekani ananiambia huko majimbo hufuta kodi ili viwanda vije. Mbona sisi hatufutiwi?
*Fundi wa Walukuba*

JIBU: Marahaba, fundi. Nilipokuwa mtunza hesabu kiwandani hapohapo Jinja, bosi wangu naye kila jioni alikuwa akilia na kodi. Dawa yangu ilikuwa karatasi na kalamu, basi nawe lete dawati lako tulipasue.

Kodi ya mapato kwanza. Mauzo yako ni milioni 90. Hayajafika milioni 150, kwa hiyo uko kwenye kodi ya wafanyabiashara wadogo, inayokatwa kwa mauzo. Mwenye vitabu vya hesabu katika daraja lako hulipa 360,000 na asilimia 0.7 ya kinachozidi milioni 80. Jumla 430,000. Gawa kwa madawati 500, unapata shilingi 860 kwa dawati. Haifiki hata bei ya rolex, ile chapati ya mayai ya pale stendi. Asiye na vitabu hutozwa 900,000 bila mjadala, na mafundi wengi ninaowajua huilipa kila mwaka kwa sababu tu risiti zao zimelowa mafuta au zimefungiwa karanga.

Ya pili ni VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18. Kwenye zile 59,000 unazonunulia vifaa, 9,000 ni VAT. Kiwanda kikubwa kilichosajiliwa huirudisha kwenye hesabu zake. Wewe hujasajiliwa, kwa hiyo inabaki ndani ya dawati na mteja hata haioni. Hapa kilio chako kina haki: mkubwa na mdogo wananunua bomba moja, na mdogo ndiye analilipia zaidi.

Ya tatu haina jina kwenye sheria yoyote ya kodi. Milioni 20 kwa asilimia 2 ni riba ya 400,000 kila mwezi. Miezi tisa, milioni 3 na laki 6. Gawa kwa yale madawati 200: shilingi 18,000 kwa dawati. Hiyo ni mara mbili ya VAT, na zaidi ya mara ishirini ya kodi ya mapato. Vijana wako wawili waliondolewa na kungoja.

Na kuna jambo linaloniudhi zaidi. Serikali ikipungukiwa hukopa hapa nyumbani kwa hati fungani, yaani hati za deni inazoziuzia benki, na zile za miaka 10 zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 15 kwa mwaka. Meneja wa benki anaweza kuikopesha serikali akalala usingizi. Kwa nini ahangaike na karakana ya Walukuba? Akikubali, atakupa kwa riba ya kukuumiza. Kwa hiyo serikali haijakulipa, halafu inakutangulia kwenye foleni ya mkopo. Ukinipa nichague kati ya kukufutia kodi na kukulipa ndani ya mwezi mmoja, sitahitaji hata kikokotoo.

Sasa Marekani. Mwanao hajakosea, ila hajamaliza hadithi. Mwaka 2017 jimbo la Wisconsin liliiahidi Foxconn, kampuni ya Taiwan ya vifaa vya elektroniki, misaada ya karibu dola bilioni 3, nayo kampuni ikaahidi ajira 13,000. Rais Trump mwenyewe alikwenda kushika koleo siku ya kuanza ujenzi, 2018. Ilipofika 2021 mkataba ukaandikwa upya: ajira 1,454, misaada dola milioni 80. Nyumba za watu zilikwisha kununuliwa na kubomolewa, barabara zimekwisha panuliwa. Sehemu ya ardhi ile baadaye ilichukuliwa na Microsoft kwa ajili ya vituo vya kompyuta.

Nasi tunazo zetu. Mwekezaji wa kigeni mwenye dola milioni 10 anaweza kupata msamaha wa kodi ya mapato wa miaka 10, na raia mwenye dola 300,000, mradi asilimia 70 ya malighafi itoke hapa na asilimia 70 ya wafanyakazi wawe raia. Sharti la malighafi nalipenda. Lakini wewe na dola 300,000 mmeonana wapi?

Kwa oda ijayo ya serikali, omba malipo ya awali kabla hujakata bomba la kwanza, na miezi ya kungoja iweke ndani ya bei. Na ile asilimia 6 ya zuio wanayokata kwenye malipo yako ni kodi uliyoitanguliza. Dai cheti chake, ukipeleke URA, mamlaka ya mapato.

SWALI: Mama, nafanya kazi kiwandani Namanve, mshahara 400,000. Bosi anasema hawezi kuongeza kwa sababu ya kodi anazonilipia. Kweli?
*Dada wa zamu ya usiku*

JIBU: Nusu yake. PAYE, yaani kodi ya mshahara, ni yako: 235,000 za mwanzo hazikatwi, 100,000 zinazofuata hukatwa asilimia 10, na 65,000 zilizobaki asilimia 20. Jumla 23,000. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, hukata 20,000 nyingine kwako, nawe unapokea 357,000. Cha bosi ni 40,000 anazoongeza NSSF, na hizo ni akiba yako. Ingia kwenye akaunti yako ya NSSF uone kama zinafika kila mwezi. Kama hazifiki, mazungumzo ya nyongeza yaanzie hapo.